Kununua fleti pembezoni mwa mji: mnunuzi ananunua nini hasa?



Liko swali ambalo katika miaka ya karibuni limebisha hodi katika nyumba za wafanyakazi wengi wa mijini, na hasa wa Dar es Salaam. Mtumishi amefanya kazi miaka kumi na mitano au ishirini. Amepanga kwa mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Ana akiba kidogo katika chama cha kuweka na kukopa. Kisha anapata habari kwamba upande wa Kigamboni, Kijichi au Bunju kuna majengo ya ghorofa, na kwamba fleti ya vyumba viwili inauzwa kwa mkopo. Je, anunue? Au aendelee kupanga huku akitafuta kiwanja ili ajenge mwenyewe, tofali kwa tofali?

Swali hili si dogo. Kwa mfanyakazi wa kipato cha kati, huu huenda ukawa mkataba mkubwa kuliko yote atakayoitia sahihi maishani mwake. Akikosea, atalilipa kosa hilo kila mwisho wa mwezi mpaka siku ya kustaafu. Hata hivyo, mara nyingi mashauri hutolewa kwa haraka. Wako wasemao kwamba fleti si nyumba, kwa kuwa haina ua wala mwembe. Wako pia wasemao kwamba ndiyo maendeleo yenyewe, na kwamba anayesitasita atachelewa. Pande zote mbili zinahukumu kabla ya kueleza ni kitu gani kinachouzwa.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Akiingia ndani ya shauri hili, mnunuzi ataona kwamba anachopata peke yake ni nafasi iliyo baina ya kuta zake. Vitu vingine vyote, yaani paa, ngazi, msingi, pampu ya maji na shimo la majitaka, anavipata pamoja na majirani zake. Basi hapana budi maswali yake ya kwanza yawe juu ya hayo ya pamoja, kabla ya rangi za kuta na vigae vya sakafu.

Mazoea ya zamani

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni geni, yafaa kukumbuka tulikotoka. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na za Shirika mwaka 1990. Kwa hiyo, kwa kizazi kizima, mtu wa mjini aliyeishi ghorofani alikuwa mpangaji. Bomba likipasuka, aliandika barua. Barua isipojibiwa, alinung'unika. Lakini wa kunung'unikiwa alikuwapo.

Upande wa pili walikuwapo waliojenga. Benki ya Nyumba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilikopesha wajenzi mpaka ilipofungwa mwaka 1995. Waliokosa mkopo walijenga kwa mishahara yao: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mabati yakipatikana. Nao walikuwa na bwana mmoja tu, nao ndio wenyewe. Kuanzia mwaka 2002, nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi, na hao pia wakawa wenye nyumba kwa namna hiyo hiyo.

Kwa ufupi, mfanyakazi wa Tanzania amezoea ama kupanga ama kumiliki peke yake. Fleti ya kununuliwa haimo katika mazoea hayo mawili. Mwenyewe si mpangaji, kwa hiyo hana wa kumwandikia barua. Wala si bwana wa peke yake, kwa hiyo hawezi kuamua jambo la paa bila ya wenzake. Hali hii ya tatu ina sheria zake, na ina adabu zake.

Sheria inasemaje

La kwanza ni ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu akimilikishwa kiwanja kwa hati, hupewa haki ya kukitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwenye fleti naye hukaa ndani ya muda huo huo. Ikiwa kiwanja kilitolewa kwa miaka 33, na 20 imekwisha kupita, basi kilichobaki kabla ya kuomba upya ni miaka 13, hata kama rangi ya ukuta bado inanukia.

La pili ni jengo. Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo. Kwa sheria hiyo, kila fleti yaweza kuwa na hati yake, ikauzwa, ikarithiwa au ikawekwa rehani peke yake. Mali ya pamoja ni ya wenye sehemu wote kwa mafungu, na fungu la mtu haliachani na fleti yake. Aidha, wenye sehemu huunda chama chenye nafsi ya kisheria, ambacho husimamia jengo, hukusanya michango, na chaweza kushitaki au kushitakiwa. Zanzibar kwa upande wake ilitunga sheria yake ya mambo haya mwaka 2010.

Majirani wa Kenya wanatoa fundisho katika jambo hili. Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya namna hii tangu mwaka 1987. Hata hivyo, kwa miaka mingi wanunuzi wengi wa Nairobi walipewa mikataba ya pango la muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya uendeshaji, badala ya hati ya fleti yenyewe. Ilibidi sheria mpya ya mwaka 2020 iagize mikataba ya aina hiyo igeuzwe kuwa hati za sehemu. Sheria kuwapo ni jambo moja; mnunuzi kupata hati inayotajwa na sheria hiyo ni jambo jingine.

Kwa hiyo mnunuzi aulize mambo matatu, na majibu yake ayaone kwa maandishi. Je, hati ya kiwanja ni ya nani, na imebakiza miaka mingapi? Je, mjenzi amekiweka kiwanja rehani kwa benki yoyote? Je, ramani ya mgawanyo wa sehemu imesajiliwa, ili hati ya kila fleti iweze kutolewa? Majibu haya hayapatikani katika kipeperushi cha matangazo, bali kwa Msajili wa Hati, kwa kufanya upekuzi na kulipia ada yake. Ikiwa jengo lenyewe halijakamilika na mnunuzi anatakiwa kulipa kabla, tahadhari hiyo iongezwe maradufu. Mkataba useme wazi ni lini atakabidhiwa funguo, na atarudishiwaje fedha zake siku hiyo ikipita.

Mzigo wa pamoja

Chukueni mfano wa jengo lenye fleti 24. Pampu ya kupandisha maji imeungua, na ukarabati wake ni shilingi 3,600,000. Kila mwenye fleti akitoa sehemu sawa, anadaiwa shilingi 150,000. Sasa tuseme wanane hawalipi: mmoja yuko safarini, mwingine amepangisha na hapokei simu, wa tatu anasema yeye anakaa chini na maji humfikia bila ya pampu. Wanaobaki ni 16, na kila mmoja anatakiwa kutoa shilingi 225,000. Wakikataa kubeba mzigo wa wenzao, hakuna maji. Mwalimu wa ghorofa ya tatu, ambaye hajachelewesha mchango wake hata mwezi mmoja, atapanda ngazi na ndoo kama wenzake wasiolipa.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa baina ya fleti na nyumba ya kujenga. Katika nyumba yake mwenyewe, mtu mwangalifu hulindwa na uangalifu wake. Katika fleti, uangalifu wa mtu mmoja hautoshi.

Jambo hili laweza kufika mahali pabaya zaidi ya kukosa maji. Surfside ni kitongoji kilicho pembeni mwa Miami, Marekani. Palikuwa na jengo la fleti la ghorofa 12, lililojengwa mwaka 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliwaandikia wenye jengo kwamba zege lililo chini ya eneo la bwawa la kuogelea lilikuwa limeharibika vibaya, kwa sababu maji hayakuwa na njia ya kutoka. Kazi ilihitaji fedha nyingi. Wenye fleti walibishana juu ya gharama, na viongozi wa chama chao wakajiuzulu. Mchango wa dola milioni 15 hivi ulikuja kupitishwa mwaka 2021, na kazi kubwa ilikuwa haijafanyika. Usiku wa tarehe 24 Juni mwaka huo, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka, wakafa watu 98. Chanzo cha kuanguka kwake ni kazi ya wataalamu kukieleza. Lakini miaka mitatu ya ubishi juu ya nani alipe inaeleweka na kila mtu aliyewahi kukaa katika mkutano wa wenye nyumba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wa jengo la pamoja hauzibwi na mtu mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kununua katika jengo linalokaliwa, mnunuzi aulize habari za chama cha wenye sehemu. Je, kipo? Mkutano wake wa mwisho ulifanyika lini? Mchango ni kiasi gani, na ni wangapi wanadaiwa? Je, iko akiba ya matengenezo makubwa, au kila kitu kikiharibika ndipo huanza kuchangishana? Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Ikiwa jengo ni jipya na chama bado, aombe kanuni zitakazotumika, aone jinsi mchango utakavyogawanywa, na nani ataendesha jengo katika miaka ya mwanzo.

Ziko pia adabu za kuishi. Kinu cha ghorofa ya tatu husikika ghorofa ya pili. Msiba ukitokea, turubai lipigwe wapi? Harusi je, na kuku, na jenereta? Haya si mambo ya kuchekwa. Watu waliolelewa katika nyumba zenye ua wanapohamia ghorofani, ugomvi wao mwingi hutoka katika mambo madogo ambayo hakuna aliyeyazungumza mapema. Kanuni nzuri za jengo huyazungumza.

Safari ya kwenda kazini

Kwa sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi limeusukuma mji pembeni, na ndiyo maana majengo mapya yako mbali. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka huo huo katika barabara ya Morogoro, yamewasogeza wengi karibu na kazi zao. Lakini ukaribu wa ramani si ukaribu wa saa kumi na mbili asubuhi.

Fleti ya pembezoni huuzwa kwa bei nafuu kuliko ya katikati ya mji. Sehemu ya unafuu huo hulipwa baadaye kwa njia nyingine. Mtumishi atumiaye saa tatu kwa siku njiani, kwenda na kurudi, kwa siku 22 za kazi, hutumia saa 66 kila mwezi. Hizo ni zaidi ya siku nane za kazi za saa nane. Ajumlishe nauli yake, nauli ya watoto, bodaboda ya kutoka kituoni, na tozo ya daraja au nauli ya kivuko kwa anayevuka. Mwalimu anayefika shuleni amechoka hulipa bei hiyo, na wanafunzi wake pia huilipa.

Njia ya kupima ni rahisi. Mnunuzi aende mahali hapo kwa usafiri atakaoutumia, siku ya kazi, asubuhi na jioni, na hasa wakati wa masika. Aone kama barabara inapitika. Aulize maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Aitazame shule iliyo karibu na zahanati iliyo karibu. Gari la muuzaji, Jumamosi saa nne asubuhi, halimfundishi kitu.

Lipo pia suala la uhamisho. Kuanzia mwaka 2016 Serikali ilihamia Dodoma, na mwaka 2018 sheria ikaitangaza kuwa makao makuu. Watumishi wengi walifunga mizigo yao. Kwa mwalimu nako, barua ya uhamisho haiulizi kama mkopo wa nyumba umekwisha. Anayedhani kwamba akihama atapangisha fleti yake, na kwamba kodi itamlipia mkopo, afanye kwanza hesabu ya miezi ambayo fleti itakuwa tupu, na ya mchango wa jengo ambao hausimami hata kama mlango umefungwa.

Hesabu ya mkopo

Tuseme mtumishi anakopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Riba na masharti hutofautiana baina ya benki na benki. Huu ni mfano tu. Akilipa kwa miaka 20, malipo ya kila mwezi yatakuwa kama shilingi 790,000, na mwisho wake atakuwa amelipa karibu shilingi milioni 190. Akilipa kwa miaka 10, malipo ya mwezi yatapanda hadi kama shilingi 968,000, lakini jumla itakuwa shilingi milioni 116 hivi. Unafuu wa shilingi 178,000 kwa mwezi unamgharimu zaidi ya shilingi milioni 70.

Ipo kanuni inayojulikana na kila mhasibu, kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kwa kanuni hiyo, makato ya shilingi 790,000 yanahitaji mshahara usiopungua shilingi 1,185,000, na kitakachobaki ni shilingi 395,000. Kanuni inaruhusu. Lakini theluthi hiyo ndiyo itakayonunua chakula, umeme wa Luku, nauli, sare za shule na mchango wa jengo. Kinachoruhusiwa na kanuni si lazima kiwe kinawezekana jikoni.

Aidha, mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Mwenye miaka 45 akichukua mkopo wa miaka 20, miaka mitano ya mwisho itaangukia kwenye pensheni. Kutegemea kiinua mgongo kimalizie deni ni kuuza uzee kabla haujafika. Tena jambo hili si la mtu mmoja. Sheria ya Ardhi inataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ya ridhaa ya mke au mume. Sharti hilo lisichukuliwe kuwa fomu tu ya kujazwa dirishani. Lilitungwa kwa sababu nyumba ikipigwa mnada, wanaotolewa nje ni wote.

Uamuzi

Je, basi fleti isinunuliwe? La hasha. Mji hauwezi kutambaa milele kwa nyumba za chini, kila moja na kiwanja chake. Kila kilomita moja ya mji uliotambaa inahitaji bomba, nguzo, barabara na basi. Watu 24 wakijengewa juu ya kiwanja ambacho kingejengwa nyumba mbili, bomba moja huwafikia wote. Tena anayejenga mwenyewe si kwamba hapati hasara: saruji huibwa, fundi hukimbia, na fedha nyingi hufungwa ndani ya kuta zisizo na paa kwa miaka, huku kodi ya kupanga ikiendelea kulipwa. Fleti hukaliwa siku funguo zinapotolewa.

Anunue yule ambaye hati imethibitika, ambaye kazi yake haielekei kumhamisha, ambaye deni lake litakwisha kabla ya kustaafu, na ambaye yuko tayari kukaa katika mikutano ya jengo na kuchukua uongozi zamu yake ikifika. Asinunue yule anayetafuta mahali pa kujifungia asisumbuliwe na mtu. Huyo, akiwa na subira, ajenge. Na kama hana uwezo bado, aendelee kupanga bila ya kuona aibu, kwa maana kupanga ni bora kuliko deni lisilolipika.

Walimu na watumishi wa umma wana faida moja katika jambo hili. Wamezoea kuandika kumbukumbu za mikutano, kutunza daftari la fedha na kusoma sheria hadi mwisho. Katika majengo mengi kinachokosekana ni watu wa namna hiyo. Mtumishi anayefikiria kununua, na aombe kuona daftari la mahesabu la jengo kabla hajaomba fomu ya mkopo. Akiambiwa kwamba daftari halipo, ajue kwamba kazi ya kulianzisha itakuwa yake, na aamue kama ataiweza.